Ndoo, Kata na Chekecheo

Jilala, baba yake Kamili, alikuwa mtu wa bidii. Hilo hakuna aliyelijua vizuri kuliko yeye mwenyewe, na kwa kuwa wenzake walikuwa wepesi wa kusahau, hakuchoka kuwakumbusha. Alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji cha Nyamilindi, upande wa Masumbwe, na tena msimamizi wa shamba la kijiji. Asubuhi za kazi alisimama kichwani mwa shamba la pamba, mikono nyuma, tumbo mbele, akiwangoja watu wa Bondeni wachelewe ili apate kuwasema.

Nao hawakumwangusha. Walichelewa. Watu wa Bondeni waliletwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka miwili nyuma, wakapewa viwanja ng'ambo ya mbuga. Bomba la maji kijijini lilikuwa moja tu, la kupiga kwa mkono, nalo lilikuwa mtaa wa Barabarani, jirani kabisa na mlango wa Jilala. Kamati ilishapanga kwamba asubuhi watu wa Barabarani wateke kwanza, wakishamaliza ndipo Bondeni wasogee. Mwanamke wa Bondeni mpaka ateke, avuke mbuga na ndoo kichwani, akoroge uji, awanyweshe watoto, halafu avuke tena mbuga na jembe begani, jua lilikuwa limeshakomaa.

"Uvivu!" Jilala alikuwa akiwapokea. "Mimi hapa nimeshaoga, nimeshakunywa uji, nimeshafika. Nyie mna nini? Miguu yenu imefungwa kamba?"

Mzee Maige wa Bondeni, ambaye ulimi wake wa Kisukuma ulikuwa haujapatana na herufi r mpaka uzeeni, alikuwa akijibu kwa upole, "Balabala ni ndefu, Baba Kamili."

"Barabara ni ile ile kwa wote!" Jilala alikuwa akimkata hapo hapo, na kwa hakika barabara ilikuwa ile ile, ila yeye hakuwa akiipita.

Sasa, kulikuwa na kisomo cha watu wazima, kila Jumatano alasiri, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mwalimu alikuwa Febronia, binti aliyemaliza darasa la saba, mwembamba kama mpini, mwenye sauti ndogo lakini isiyokatika. Jilala alihudhuria kwa sababu wajumbe walitakiwa kuwa mfano. Alikaa mbele, alisoma maneno makubwa ya ubaoni kwa sauti kuu, na madogo aliyaacha kwa heshima ya wengine.

Jumatano moja, mvua zimetoka kuisha na lambo la ng'ombe limejaa pomoni, Febronia alirudi kutoka semina ya Ushirombo akiwa na jambo jipya. Ubao hakuutoa. Alitoa ndoo moja nzima, kata moja ya kibuyu, na chekecheo moja la unga, kuukuu, lenye matundu ya kutosha kupitisha kunde. Ukutani mwa ghala alikuwa amepanga mitungi mitatu mikubwa ya kupikia pombe.

"Shikamooni wazazi," alisema. "Leo hatusomi. Leo tunacheza."

"Marahaba. Tunacheza nini?" aliuliza Jilala kwa mashaka. Kucheza hakukuwa kwenye ratiba.

"Tunateka maji lamboni, tunajaza mitungi. Kundi litakalojaza kwanza limeshinda. Na kundi lililoshinda ndilo litakalotunga sheria za mchezo unaofuata."

Jilala akasikia mwili unamsisimka. Sheria! Hapo sasa pana mchezo.

Makundi yalipatikana kwa bahati. Febronia alipitisha kapu lililofunikwa kitenge, kila mtu akatia mkono bila kuangalia. Aliyetoa karanga ni wa ndoo, aliyetoa njugu mawe ni wa kata, aliyetoa choroko ni wa chekecheo. Jilala alitia mkono, akachomoa karanga, akaitazama kama mtu aliyekuwa akiitarajia. Kundini mwake aliingia pia Mwahija, mke wa mwenye duka, mwenyeji wa Tabora mjini, mwanamke wa maneno mengi na matako mazito, ambaye hakuwahi kuonekana akitembea upesi. Mektilda, mke wake Jilala, alitoa choroko. Mzee Maige naye choroko.

"Pole, Mama Kamili," Jilala alimwambia mkewe. "Ungechagua vizuri."

"Nimechagua gizani kama wewe."

"Kuna watu na mikono yao," akajibu Jilala.

Filimbi ikalia. Haya tena! Watu wa ndoo wakaenda lamboni, wakachota, wakarudi, wakamwaga, wakaenda tena. Mwahija mwenyewe hakuondoka mtungini; kazi yake ilikuwa kusema "mimina hapa." Watu wa kata walikimbia wakitokwa jasho. Watu wa chekecheo walikimbia kuliko wote. Walitumbukiza chekecheo, wakaliinua, maji yakapiga kelele shaaa yakarudi lamboni, wao wakatimua mbio na kilichobaki, yaani umande. Mzee Maige alifika mtungini, akalikung'uta chekecheo mdomoni mwa mtungi, akainama kusikiliza.

"Limeingia tone," akatangaza.

Ndoo wakashinda. Wakapiga vigelegele. Febronia akawakalisha wote chini, akauliza kwa sauti yake ndogo, "Baba Kamili, kwa nini mmeshinda?"

Jilala alisimama. Alikohoa. "Kwanza ni bidii. Pili ni mpango. Sisi tuliamua tangu mwanzo kwamba tunataka maji."

"Na wale wa chekecheo?"

Jilala aliwatazama kwa huruma ya kweli. "Nisiseme uongo, walijitahidi kidogo. Lakini nimewaona. Wanacheka-cheka njiani. Halafu maji yao wanayamwaga sana."

"Tunayamwaga!" Mektilda alipiga makofi mara moja na kuviacha viganja hewani. "Jamani, tunayamwaga!"

"Haya, sheria," alisema Febronia.

Watu wa ndoo waliweka vichwa pamoja. Mwahija alikuwa na wazo, na Jilala akalitangaza. Kwa kuwa watu wa chekecheo hawajajua thamani ya maji, basi katika mchezo wa pili wao wataanzia mbali zaidi, kule kwenye zizi la ng'ombe, ili wajifunze.

"Wajifunze nini?" akauliza Febronia.

"Kuwahi," akasema Jilala.

Mchezo wa pili watu wa chekecheo walifika lamboni wenzao wakiwa wameshachota mara mbili. Lakini Mzee Maige hakuwa mtu wa kulia. Alichota tope la lambo, akalipaka chekecheo ndani na nje, kama mtu anavyokandika nyumba, akaliacha jua lilikaze kidogo. Safari iliyofuata, chekecheo likaleta maji! Machafu kama chai ya maziwa, lakini maji. Bondeni na Barabarani wote wakashangilia, isipokuwa Jilala aliyekuja mbio akipunga mikono.

"Simama! Simama! Huo ni udanganyifu. Chekecheo ni chekecheo. Mbona sisi hatukupaka ndoo tope?"

Ikatungwa sheria hapo hapo: marufuku tope. Maige akaosha chekecheo, akatandika jani la mgomba. Marufuku majani. Mektilda akavua kilemba chake, akakitandika. Marufuku nguo, na Mwahija akaongeza kwamba ni aibu mke wa mjumbe kukaa kichwa wazi mbele ya watu. Sasa Jilala alikuwa amekolea. Kila akitamka "marufuku" alijisikia anarefuka. Aliona jinsi kijiji kizima kingependeza kama watu wangeacha ujanja na kufuata utaratibu.

Watu wa chekecheo wakajikusanya pembeni, wakanong'ona, kisha wakaenda lamboni wote kwa pamoja. Waliporudi, mashavu yao yalikuwa yamevimba kama ya vyura. Walikuwa wamejaza maji vinywani. Wanaume na wanawake wazima, kumi na kitu, wanakuja mbio kimya kimya, macho yamewatoka, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake asije akacheka.

Wakati huo huo ndipo pikipiki ilipoingia uwanjani. Aliyekuwa juu yake ni Bwana Eustace, mratibu wa elimu ya watu wazima aliyetoka Kahama kukagua madarasa, ndani ya suti ya mikono mifupi ya rangi ya maziwa, iliyonyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alizima pikipiki, akajipangusa vumbi, akatabasamu.

"Hamjambo, wanakisomo!"

Kimya. Watu wa mashavu walisimama mbele yake kama nguzo. Mratibu akashangaa, akajaribu njia nyingine. Alimwendea mzee kuliko wote, akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, mzee wangu."

Maskini Maige! Jilala alimwona akihangaika. Mtu wa umri wake anaweza kunyimwa chakula, anaweza kunyimwa maji, lakini shikamoo akipewa haiwezi kuachwa ikaning'inia hewani, ni laana. Alipandisha nyusi, akashusha nyusi, akainua kidole kuomba subira, mratibu hakuelewa, akarudia kwa sauti zaidi akidhani mzee ni kiziwi. "Shikamoo, baba!"

"Malahaba!" likatoka jibu, na pamoja nalo maji yote ya lambo, kuanzia kola ya mratibu mpaka kwenye mkanda.

Mektilda alijitahidi kwa nusu dakika. Kisha yake yakatoka kwa njia ya pua. Baada ya hapo haikuwezekana tena kujua nani amemlowesha nani. Watu walikuwa wanagaagaa chini, wanakohoa, wanapigana migongo. Mwahija alicheka mpaka akakaa juu ya mtungi wa watu wa kata, nao ukapasuka.

"Nani mwalimu wa darasa hili?" aliuliza mratibu.

Febronia alisogea, akamweleza. Alieleza ndoo, kata, chekecheo, na sheria. Mratibu alisikiliza huku akikamua mkono wa suti. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kugomba kabla ya kuelewa. Na kwa kuwa alikuwa amesoma, alielewa upesi.

"Nimeona tatizo," alisema. "Hawa wenzetu hawana ufundi. Chekecheo linataka kasi. Ukikimbia kwa kasi maji hayapati nafasi ya kushuka. Ni sayansi. Nipeni nionyeshe."

"Ila umechelewa kuingia mchezoni, Bwana Mratibu," alisema Jilala, ambaye sheria zilikuwa zimempanda kichwani. "Mchelewaji anaanzia zizini."

Mratibu alivua viatu, akakunja suruali, akaanzia zizini. Alikimbia vizuri, hilo halikatazwi kusemwa. Alikuwa na miguu mirefu. Mara ya kwanza alifika na umande. Mara ya pili aliteleza kwenye tope la Maige, akakalia suti ya rangi ya maziwa. Mara ya tatu alifika mtungini akihema kama mvukuto, akalikung'uta chekecheo, akasikiliza kama Maige alivyosikiliza, kisha akalitupa chini.

"Chombo hiki ni kibovu!"

"Aaaaah!" kundi zima la chekecheo likaitika kama kwaya ya Pasaka.

"Si kibovu," Jilala akasema kwa upole, akimwekea mratibu mkono begani. "Ulikosa bidii kidogo tu. Lakini usife moyo."

Mratibu aligeuka taratibu, tope likidondoka kwenye kisigino.

"Mimi? Bidii?" alisema. "Mzee, wewe umeniona hapa nikikimbia?"

"Nimekuona. Na nimeona kama ulikuwa unacheka-cheka njiani."

Pengine wangeshikana mashati, lakini Febronia alipiga filimbi. "Mchezo wa mwisho!" alisema. "Kapu linapita upya. Kila mtu achague tena."

Hapo ndipo moyo wa Jilala ulipopiga teke. Kapu lipite upya? Aliitazama ndoo, ndoo aliyoizoea, iliyokwisha kushika umbo la mkono wake. Akasema kwamba kwa maoni yake hakuna haja; watu wa ndoo wameshapata uzoefu, itakuwa hasara kwa taifa kuupoteza. Akaongeza kwamba ndoo hii wameitolea jasho.

"Uliitoa kwenye kapu," alisema Mektilda.

"Basi natunga sheria," alisema Jilala haraka. "Bado nina haki ya sheria moja. Ndoo irithiwe. Nikichoka mimi, anaichukua Kamili."

"Kamili ana mwaka mmoja na nusu!"

"Atakua."

Watu wa chekecheo hawakubishana. Mzee Maige alikaa chini. Mektilda akakaa. Wakakaa wote, na watu wa kata nao, ambao mtungi wao ulikuwa umekaliwa, wakakaa. Hata mratibu akakaa, maana suti haikuwa na cha kupoteza tena.

"Hatuchezi," alisema Maige.

Jilala alibaki amesimama na ndoo yake. Akapeleka maji mara moja, peke yake, kuonyesha kwamba haijamgusa. Akamwaga. Hakuna aliyeshangilia. Kushinda watu waliokaa hakuna ladha. Ni kama kula ugali bila mboga. Akarudi, akatia mkono kapuni kwa hasira, akachomoa.

Choroko.

Kapu likapita kwa wote, na ndoo ilimwangukia Mektilda. Sheria ya zizi haikuwa imefutwa, kwa hiyo Jilala akatembezwa mpaka zizini na Maige, aliyechomoa choroko tena, akakabidhiwa chekecheo. Filimbi ikalia. Jilala alikimbia. Alikimbia kwa kasi, kwa sayansi, kwa bidii zote alizozaliwa nazo na nyingine alizoazima. Maji yalimshukia tumboni, mapajani, mpaka mbele ya kaptula, na kina mama wa Bondeni wakaulizana kwa sauti kama mjumbe ameshikwa na haja. Alifika mtungini akiwa na chekecheo tupu. Mektilda alikuwa ameshajaza nusu, amesimama mkono kiunoni.

"Jitahidi, Baba Kamili," alisema. "Tatizo lako unachelewa."

"Nachelewa?" Jilala alipaza sauti mpaka ng'ombe wakageuka. "Nachelewa kwa sababu mmeniweka mbali! Mnaniweka kule zizini, mnanipa tundu la kutekea maji, halafu nikifika mnaniambia mvivu! Nani anaweza kuwahi namna hiyo? Nani?"

Mzee Maige alimsogelea, akatega sikio.

"Sema tena, Baba Kamili," alimwomba. "Masikio yangu yameingia maji."

Jilala aliitazama mbuga upande wa Bondeni, kisha akautazama upande wa Barabarani ambako mpini wa bomba ulionekana ukimetameta karibu na nyumba yake. Alihisi joto la aibu linapanda shingoni, na kwa kuwa hakulizoea alidhani ni homa.

"Haya, tuongee," alisema Febronia. "Hapa kijijini, ndoo ni ipi na chekecheo ni lipi?"

Waliongea mpaka mbuzi wakarudishwa. Mwanzoni kila mtu alisema mambo ya mbali: makaburu, wakoloni, wanunuzi wa pamba wa zamani. Ni Mektilda aliyelitaja bomba. Mwahija akasema bomba lilichimbwa pale na wataalamu, si kosa la mtu. Mama mmoja wa Bondeni akasema hajasema ni kosa la mtu. Anauliza tu nani anateka kwanza. Jilala akajitetea kwamba utaratibu ni utaratibu. Mratibu, aliyekuwa amefungwa kitenge cha kuazima wakati suruali yake ikikauka juu ya pikipiki, akauliza utaratibu huo ulitungwa na nani.

"Na kamati."

"Na wajumbe wa kamati wanakaa wapi?"

Jilala alikuna kidevu. "Barabarani," alisema, "lakini ni kwa bahati."

Kila mtu alicheka, na kitu cha ajabu, yeye mwenyewe kikamtoka kicheko kidogo ambacho alijaribu kukigeuza kikohozi.

Wiki ile ile kamati ilikutana ofisini. Watu wa Bondeni walikuja wakakaa nje dirishani, na Mektilda kati yao. Hoja ilikuwa kwamba asubuhi za shamba la kijiji Bondeni wateke kwanza. Mwenyekiti alisema wanaokubali wanyooshe mikono, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kuona chochote. Wakati huo huo nyigu akaingia, akamzunguka Jilala sikioni, naye Jilala akainua mkono kumfukuza.

"Jilala!" mwenyekiti akashangaa. "Jilala amekubali?"

Nyigu alikuwa ameshapita dirishani. Jilala alijua ameshatoka, maana alimfuata kwa macho. Mkono ulikuwa bado juu. Ilikuwa rahisi kuushusha, ilitosha kusema "nyigu." Lakini dirishani alikuwapo Mzee Maige akimtazama bila kupepesa, na tumboni Jilala alikuwa anasikia bado ubaridi wa maji yale. Akauacha mkono pale pale ulipo, akaukaza kidogo, kama mtu anayeshikilia paa. Wajumbe wengine wakatazamana. Kama Jilala amenyoosha, wao ni nani? Mmoja akanyoosha, wa pili akanyoosha, na mwenyekiti, ambaye hakupenda kuwa peke yake popote, akanyoosha yote miwili.

Mke wa mwenyekiti alinuna mwezi mzima. Mwahija alipeleka malalamiko kwa kila aliyekuja kununua chumvi. Mara mbili tatu watu walisukumana bombani na mtungi mmoja ukavunjika. Lakini Bondeni walianza kuteka mapema, na shambani watu wakafika pamoja, ikawa Jilala hana wa kumsema. Asubuhi nyingine alikuwa akimsema ng'ombe.

Mzee Maige alimletea kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Wabeja sana, Baba Kamili," alimshukuru kwa Kisukuma, "kwa mkono ule."

"Ah," alisema Jilala, akilipokea kapu kwa mikono miwili, "jambo hili nilikuwa nalifikiria tangu zamani. Nilikuwa nangoja wakati wake."

Mektilda, aliyekuwa mafigani, alipaliwa na uji. Alingoja mpaka mzee ameondoka.

"Na nyigu?" aliuliza.

"Nyigu gani?" alisema Jilala, akatia mchembe mdomoni, akatafuna akiangalia pembeni.

Mektilda alisogeza kigoda, akatia mkono kapuni, nao wakala.